Mwinjilisti wa Nchi ya Chumvi

Kabla ya kumpa mtoto mstari wake, Mwinjilisti alimtaka kwanza atoe ulimi nje. Aliukagua kwa makini, kama mfugaji anavyokagua kinywa cha ndama aliyekataa kunyonya, kisha akaweka juu yake punje moja ya chumvi ya mawe, ile ya kijivu inayopimwa sokoni kwa kikopo. "Funga mdomo. Usitafune." Punje ikiwa inayeyuka, alikusomea mstari wa Biblia aliokuchagulia, akaurudia, akaurudia tena, polepole, hata mate yako yakawa na ladha ya maneno yale. Ulipomeza, ulikuwa umeshaushika. Mimi ni mtu mzima sasa, nafundisha walimu katika chuo kimoja mjini Singida, lakini nikikuta chumvi imezidi kidogo katika mboga, Zaburi yangu huja yenyewe bila kuitwa.

Katika kanisa letu, mwinjilisti ni yule anayeongoza mtaa mdogo usio na mchungaji wake. Anahubiri, anazika, anafundisha watoto, na upepo ukiling'oa bati ni yeye anayepanda na nyundo. Huyu wetu wa Issuna aliifanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba cheo kilimeza jina. Hata mkewe, akimtuma mtu amwite kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki, alisema, "Mwambieni Mwinjilisti uji unapoa."

Alikuwa mtu wa baiskeli, ingawa sikumbuki kumwona ameipanda. Aliikokota. Biblia na kitabu cha nyimbo vilifungwa nyuma kwa mpira, na yeye alitembea kando yake kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Ukimuuliza kwa nini hapandi, alijibu kwamba mtu aliye juu ya baiskeli husalimia kwa kengele, na kengele haiwezi kuitikia shikamoo. Alilina asali kila msimu na kila msimu alivimba uso, wala hakuwahi kujifunza kufukiza moshi wa kutosha. Alisema anawaonea nyuki huruma. Hakuwa mcheshi, lakini watoto walimfuata. Sababu ya kumfuata ilikuwa kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kikubwa, chenye jalada gumu la buluu, na kilisahauliwa kanisani katika sanduku la mmisionari mmoja mwanamke aliyekuwa akirejea kwao. Kilikuwa kitabu cha watoto, hadithi ya mambo yasiyokuwepo duniani, na karibu kila ukurasa ulikuwa na picha. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu yeyote kwetu aliyeijua. Si Kiingereza, hilo nililithibitisha nilipokuwa sekondari. Herufi nyingine zilivaa vidoti na vipete juu ya vichwa. Mwinjilisti hakujali. Alizisoma picha. Alizipanga zile picha katika akili yake, akazifunga kwa Maandiko, na kutoka hapo akatufundisha miaka yote.

Katika picha hizo palikuwa na msichana mwenye nywele za rangi ya ndevu za mahindi. Palikuwa na mbweha aliyevaa koti na kushika taa ya chemli. Palikuwa na ndege mkubwa mwenye taji. Na palikuwa na nchi nyeupe kabisa, ardhi nyeupe, miti myeupe, mawe meupe. Kwa mtu wa Singida, jambo hilo halikuhitaji kuulizwa. Ziwa letu la upande wa mjini likikauka, huacha ukoko mweupe unaoumiza macho mpaka ng'ambo. Kwa hiyo ile ilikuwa Nchi ya Chumvi. Kaka yake msichana alikuwa ameingia humo akapotea, akageuka jiwe la chumvi, kama yule mke katika kitabu cha Mwanzo aliyegeuka nyuma. Mbweha alimpa msichana neno moja la kulibeba mdomoni. Asilitafune wala asilimeze. Alipaswa kuvuka nchi yote hiyo, alifikie jiwe, alitamke neno hilo mbele yake ili kaka aamke.

Kila picha ilimpa Mwinjilisti somo la maisha. Kwenye picha ya taa alituonyesha kwa kidole jinsi mwanga ulivyoishia karibu sana na viatu vya msichana. "Mnaona? Inamulika hatua moja. Maandiko ni hivyo hivyo. Mtu anayetaka kuiona Shelui akiwa hapa Issuna, huyo anatafuta mganga, hamtafuti Mungu." Ndege mwenye taji, aliyemnyooshea msichana tunda jekundu, alikuwa mjaribu. "Shetani hakunyang'anyi mstari wako. Anakupa tu kitu kingine cha kutafuna." Msemo huo niliusikia baadaye ukitumiwa na wanawake kisimani, juu ya mwanamume aliyeacha kwaya baada ya kununua redio.

Baada ya picha ya msichana aliyefungua kinywa mbele ya jiwe, ilifuata picha ya mwisho: karamu. Watu wameketi mezani, taa zinawaka, msichana yumo. Kuna kiti kimoja kitupu, na mbele yake sahani. Kila mwaka hakukosekana mtoto wa kuuliza mwenye kiti yuko wapi.

"Ni kaka yake," alijibu Mwinjilisti. "Amekwenda kunawa mikono."

Tulicheka kwa raha. Ilikuwa dhahiri. Mtu aliyekuwa jiwe la chumvi muda wote huo angewezaje kula bila kunawa?

Siwezi kumsimulia mtu huyu bila kutaja yale yasiyopatana ndani yake. Ngano za Kinyaturu alizipiga marufuku katika kiwanja cha kanisa. Bibi yangu, ambaye alikuwa na ngano kwa kila mnyama wa porini, alikatazwa kuwasimulia watoto waliokuwa wakisubiri ibada ianze. Alimtazama Mwinjilisti kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mbweha wangu ana kosa gani?"

"Mbweha wako ni mwizi, mama, na mwisho wa hadithi anasifiwa."

"Na wako?"

"Wangu ana taa."

"Haya," alisema bibi. "Mbweha wetu ni shetani, wa Wazungu ni malaika. Kumbe ni koti tu."

Jumapili iliyofuata Mwinjilisti alimpelekea chupa ya asali, na marufuku ikabaki palepale.

Watu wa usharika nao hawakukipenda kitabu, hasa baada ya mwaka ule mchungaji alipokuja kuwahoji vijana wa kipaimara. Alitaka kujua ni nani katika Maandiko aliyelibeba Neno katika hatari bila kulipoteza. Alitarajia nabii. Kijana mmoja wa darasa letu alisimama kwa ujasiri.

"Ni yule msichana wa Nchi ya Chumvi."

"Huyo yuko katika kitabu gani?" akauliza mchungaji.

"Waamuzi."

"Sura ya ngapi?"

"Ile yenye mbweha."

Baba zetu walitazama chini. Mchungaji alimvuta Mwinjilisti kando, akamwambia kwamba mtoto akichanganya hadithi na Neno, siku moja ataviangusha vyote viwili pamoja. Mwinjilisti alisikiliza akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Baadaye alitueleza kwamba hadithi ni kikapu na Neno ni mtama, na kwamba hakuna mtu mwenye akili anayepika kikapu. Tulimwelewa, au tulidhani tumemwelewa. Lakini tulikipenda kikapu.

Niliporudi likizo yangu ya kwanza ya chuo, nikiwa na ujuzi mwingi na subira kidogo, nilimwambia kwamba ile nyeupe si chumvi. Ni theluji. Ni maji ya mvua yaliyoganda kwa baridi, huko kwa Wazungu huanguka kama pamba.

Aliifikiria habari hiyo kwa heshima. "Watoto wangu wamewahi kuikanyaga?"

"Hapana."

"Wamewahi kuilamba?"

"Hapana, Mwinjilisti."

"Chumvi wameilamba," alisema, akaendelea kukaza mnyororo wa baiskeli yake. Nilipojitolea kukipeleka kitabu mjini, atafutwe mtu anayeijua lugha ile, alikataa bila kuinua macho. "Nikijua kinasemaje, nitawaambia nini watoto?"

Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Sikujua wakati ule kwamba mtu anaweza kuogopa kitabu anachokipenda.

Sasa nimfikie Roda.

Alikuwa mtoto wa jirani zetu, wa pekee, mwembamba, mwenye macho yasiyopepesa. Nilikuwa nimekwisha kuajiriwa katika shule ya msingi ya hapo nyumbani, na Jumapili nilimsaidia Mwinjilisti kuwashika wadogo. Siku ya kupewa mistari, yeye alizoea kumchagulia kila mtoto. Roda alikataa alichochaguliwa. Alitaka ule wa Bwana akimwita rafiki yake atoke kaburini.

"Kwa nini huo?" aliuliza Mwinjilisti.

"Ni mfupi."

Tulicheka sote. Akatoa ulimi, akawekewa punje yake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasikia kitu kikivunjika kati ya meno, kidogo sana. Mwinjilisti naye alisikia. Alimtazama, Roda akatazama ukutani, na mambo yakaishia hapo, kwa kuwa watoto wote hutafuna siku moja au nyingine, na hakuna aliyewahi kudhurika.

Mvua za mwaka huo zilipokolea, mama yake Roda alifariki katika uzazi, yeye na kichanga. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imekatika. Mwinjilisti aliwazika nyuma ya tembe lao, pembeni mwa ua wa minyaa, mahali njia ya kanisani inapopita. Alihubiri vizuri. Alihubiri juu ya sauti itakayowaita wote walio makaburini. Nilimwona Roda akisikiliza kama mtoto anayepewa maelekezo ya njia.

Jumapili iliyofuata, tulipowaruhusu watoto, hakukimbia na wenzake. Alikwenda hadi kaburini, akasimama wima, akaweka mikono kandokando ya kinywa chake kama msichana wa picha, akaita. "Mama, njoo nje." Alingoja. Kisha akaingia ndani kuinjika mboga.

Alifanya hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Mwinjilisti alikuwa akitoka nyuma yake, akisukuma baiskeli, na alipofika kwenye minyaa alisimama upande wa nje na kuvua kofia. Hakuingia. Hakuondoka. Alisimama hadi mtoto anapomaliza. Uso wake siwezi kuuelezea. Nimewahi kuona mtu akitazama shamba lake la alizeti likiungua kwa mbali, moto umeshafika katikati, na ndoo iko mkononi. Ulikuwa uso wa namna hiyo.

Nilimwendea. "Mwinjilisti, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba haiwi hivyo. Si sasa."

"Nitasema si sasa, ataniuliza lini. Nitasema siku ya mwisho, ataniuliza ni Jumapili gani." Akanigeukia. "Wewe umesoma, Mwalimu. Kamwambie wewe."

Nilivuka ua. Nilifika mpaka alipo Roda. Alinitazama kwa yale macho, akasema, "Shikamoo Mwalimu," nami nikaitikia marahaba, nikamuuliza kama baba yake yupo. Nikarudi.

Kisha ikaja siku ambayo Roda mwenyewe alibaki darasani wenzake walipotoka. Nilikuwa nakusanya mikeka. Alimwendea Mwinjilisti hadi kwenye meza, akasimama na mikono nyuma.

"Niliitafuna," alisema.

"Ulitafuna nini, mama?"

"Chumvi. Siku ile ulisema usitafune, mimi nikatafuna. Ndiyo maana hatoki?"

Mwinjilisti alifungua mdomo. Nilisimama na mkeka mkononi nikingoja, kwa maana huyu ndiye mtu aliyekuwa na jibu la Maandiko kwa ukame, kwa wizi wa kuku, kwa ndugu kugombania mipaka. Mdomo ulibaki wazi, na hakikutoka kitu. Akanyoosha mkono amshike mtoto kichwa, na mtoto, pasipo ukali wowote, akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu alikuwa ameuliza swali na mkono haukuwa jibu. Akangoja kidogo zaidi. Kisha akaaga.

Hakuita tena baada ya hapo. Na kitabu cha buluu hakikufunguliwa tena kanisani.

Waliomfahamu Mwinjilisti baada ya wakati huo wanamkumbuka mtu mwingine. Chumvi iliondoka. Aliwapa watoto mistari mitupu, wakaisema kwa sauti moja kama jedwali la kuzidisha, na idadi yao ikapungua. Misibani alibadilika zaidi. Aliongoza sala zilizoandikwa, akasoma somo, na pale ambapo angehubiri, alikwenda kuketi kando ya mfiwa, kwenye mkeka, kimya, kutwa nzima. Baadhi ya watu walinung'unika. "Mwinjilisti gani asiye na neno msibani?" aliuliza mzee mmoja wa kanisa, na wengi walimwunga mkono. Lakini niliona kwamba wafiwa wenyewe hawakulalamika. Mama yangu alipofariki aliketi kando yangu tangu asubuhi. Alichoniambia siku hiyo ni kwamba chai yangu imepoa.

Roda alikua. Aliolewa, akaachika, akajenga kibanda cha vitunguu kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama. Kanisani alikuja, akaketi nyuma, akaondoka wimbo wa mwisho ukiwa haujaisha. Akikutana na Mwinjilisti njiani alimsalimia kwa adabu zote, na Mwinjilisti aliitikia na kuangalia pembeni. Mimi nilikuwa nimehamia mjini. Nilipokuja nyumbani niliwaona hivyo, kila mmoja upande wake wa njia, na sikujua la kufanya zaidi ya nilivyojua siku ile ya minyaa.

Mwaka jana, wakati wa upepo, mkewe alinipigia simu. "Mwinjilisti anakuita. Anasema uje na simu yako kubwa."

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba, macho yote mawili yameingiwa na ukungu mweupe. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za chuo kwa mpangilio uleule wa siku zote. Kitabu kilikuwa mapajani mwake.

"Nimesikia kuna simu inayosoma lugha za watu."

"Ipo, Mwinjilisti. Inakosea kosea."

"Hata mimi nilikosea. Imebatizwa?"

"Haina dhehebu."

"Afadhali." Alipapasa jalada. "Siku zangu si nyingi. Yule mtoto aliniuliza kitu, sikumjibu. Nimekaa na swali lake muda mrefu kuliko nilivyokaa na mahubiri yangu yote. Niliwafundisha kwamba msichana aliita na jiwe likaamka, basi mtoto yule anaamini hadi leo kwamba mama yake yuko chini kwa sababu ya punje moja ya chumvi, na mimi ndiye niliyeiweka. Nataka kujua kinasema nini. Fungua pale msichana amefungua kinywa."

Hakuiona picha, lakini alijua ilipo. Nilifungua, nikapiga picha maandishi ya chini. Mtandao ulikuwa dhaifu, ikabidi nitoke hadi kwenye mwamba nyuma ya nyumba, simu nimeiinua juu kama mtu anayeomba mvua. Maneno yalikuja, Kiswahili cha kuvunjika vunjika. Niliyasoma mara ya kwanza peke yangu. Nilirudi nikiwa nimejaa hamu ya kusema kwamba mtandao umekataa.

"Soma," alisema.

"Inasema: Msichana aliita mpaka sauti yake ikaisha. Jiwe likabaki jiwe. Akaketi karibu nalo."

Kuku walikuwa wakiparua chini ya kiti cha Mwinjilisti.

"Na karamu?"

Niliisoma na ile. Ilisema kwamba waliweka sahani kwa ajili ya yule ambaye hayupo.

"Kwa hiyo hakwenda kunawa," alisema.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa na elimu ya malezi, na saikolojia ya mtoto, na Zaburi yangu. Hakuna hata moja lililokubali kutoka. Yeye ndiye aliyeshika fimbo yake na kuanza kuinuka.

"Nipeleke kwake."

"Huyo mzee hajavuka kizingiti tangu Pasaka," mkewe alisema kutoka jikoni, "leo anataka barabarani. Mvalishe sweta basi."

Tulikodi bajaji. Roda alikuwa akijaza vitunguu katika nyavu nyekundu, mikono ikienda bila yeye kuitazama. Alisimama, akapiga goti kidogo. "Shikamoo Babu." Akatoa ndoo, akaigeuza, akaifuta kwa khanga, akamketisha. Mwanamke wa kibanda cha jirani, muuza nyanya, alitusalimia kwa furaha.

"Karibu Mwinjilisti. Ila ukikaribishwa chakula hapo kwa Roda, beba chumvi yako mfukoni. Mlenda wa huyu ni majani matupu. Sijui nani alimlaani."

"Kula kwako," Roda alisema.

Mwinjilisti alikuwa ameugeuzia uso upande wa sauti ile. Aliurudisha taratibu. "Huli chumvi?"

"Nakula kidogo, Babu. Sema kilichokuleta."

Alimwambia. Hakuzunguka. Alisema kitabu kimesomwa, na kwamba msichana aliita vizuri, aliita mpaka sauti ikaisha, na jiwe likabaki jiwe. Na kwamba miaka yote yeye aliwafundisha mwisho asioujua. Alisema, "Haikuwa chumvi, mama. Hata usingetafuna."

Roda alifunga wavu mmoja, akalikaza fundo kwa meno.

"Nilijua, Babu."

"Ulijua lini?"

"Zamani. Zile Jumapili za mwanzo. Niliita, nikaona udongo haushtuki, nikajua."

"Na mbona uliendelea?"

Alimtazama yule mzee kipofu kwa macho yale yale yasiyopepesa. "Ulikuwa umesimama pale kwenye minyaa, kofia mkononi. Niliona nikiacha kuita utaanguka."

"Mimi nilisimama kwa sababu ulikuwa unaita."

"Ndiyo hivyo, Babu."

Upepo uliyazungusha maganda ya vitunguu baina yetu. Muuza nyanya alikuwa ameacha kutabasamu, akajifanya anapanga nyanya zake.

"Lakini ulikuja ukaniuliza," alisema Mwinjilisti, kwa sauti ndogo. "Kama ulijua, uliniuliza kwa nini?"

"Nilijua hatoki. Sikujua kama ni mimi."

"Si wewe."

"Kichwa changu kinajua." Aliuweka wavu chini pamoja na nyingine. "Ulimi bado."

Lori lilikuwa likipunguza mwendo. Wauzaji wote waliinua bidhaa zao na kukimbia, naye Roda alituomba radhi, akabeba nyavu mbili kila mkono, akakimbia nao. Tulimsikia akiita bei chini ya dirisha la dereva, sauti yake kubwa kuliko za wenzake.

Mwinjilisti alibaki juu ya ndoo, kitabu mapajani, uso umeelekea barabarani kwenye kelele. Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka mkono si jibu, nikakaa tu chini kando yake, kwenye gunia.

"Mwalimu," alisema, "isome tena."

Sikuitoa simu. Maneno nilikuwa nimeshayashika. "Msichana aliita mpaka sauti yake ikaisha. Jiwe likabaki jiwe. Akaketi karibu nalo."

Alifunga mdomo. Mashavu yake yaliyobonyea yalicheza kidogo, yakatulia, yakacheza tena. Lori liliondoka, la pili likaja. Hakumeza upesi, wala hakutafuna.